Hoki ya barafu jangwani: Phoenix ilizikwa, Las Vegas ikabeba kombe. Tusilisingizie joto

Mzee wa Mesa (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Wiki iliyopita kuna mdau alicheka humu kwamba Wamarekani wamepeleka mchezo wa barafu jangwani halafu wanashangaa timu imekufa. Nilimjibu mistari miwili, baadaye nikaona nimemdhulumu, maana habari yenyewe ni ndefu na tamu. Naishi Mesa, jirani kabisa na Phoenix, jimbo la Arizona, huu mwaka wa tisa. Miaka kadhaa nimeendesha teksi za mtandaoni. Nimewabeba mashabiki wa hiyo timu marehemu wakienda uwanjani na wakirudi, na mechi mbili nimeingia kwa hela yangu mwenyewe. Kaeni mkao wa kula.

Kwa wanaoijua ile hoki ya nyasi tu: hii ni ya barafu. Wachezaji sita kila upande, kipa akiwemo, wamevaa viatu vyenye makali chini, wanagombania kisahani cheusi cha mpira mgumu. Wenyewe wanakiita paki. Uwanja una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26. Ligi kubwa ni NHL, timu 32, kati ya hizo 25 za Marekani na 7 za Canada. Msimu unaanza Oktoba na bingwa anapatikana Juni. Hiyo Oktoba ishikeni vizuri, nitairudia.

Mwaka 1996 timu ya Winnipeg, Canada, mji wa baridi ya kugandisha kope, ilihamishiwa Phoenix. Ikaitwa Coyotes. Ikapangishwa kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu katikati ya mji, na hapo ndipo mkosi ulipoanza. Uwanja wa kikapu ni mfupi kuliko wa hoki. Walipoingiza barafu, upande mmoja wa jukwaa la juu ukawa unaning'inia, hivyo ukikaa kule hulioni goli la chini yako. Umelipa kiingilio, bao linafungwa, unasikia tu wenzako wanashangilia.

Desemba 2003 wakahamia Glendale kwenye ukumbi mpya uliojengwa mahususi kwa hoki. Mzuri, nimeuona. Tatizo ni mahali. Phoenix ni jiji lililotandaa kama mkeka. Wenye hela za kununua tiketi za msimu mzima wako mashariki: Scottsdale, Tempe, Chandler. Glendale iko magharibi. Mechi inaanza saa moja jioni, siku ya kazi. Kwa wa Dar, chukulia Simba wahamie Mlandizi, mechi iwe Jumatano saa moja usiku, na wewe unatokea ofisini Masaki. Utaenda mara ya kwanza kwa mapenzi. Ya nne utaangalia kwenye runinga.

Nimewahi kumchukua baba mmoja na wanawe wawili kutoka Scottsdale, wamevaa jezi kamili. Tulifika kipindi cha kwanza kimekwisha. Mdogo alikuwa amelala.

Naendelea, msichangie kwanza.

Kaka Sudi

Natia nanga hapa. Karanga ziko mkononi.

Mwana wa Bukoba

Mleta mada shusha nondo, sisi wengine bando linaisha saa sita.

Mzee wa Mesa

Tunaendelea.

Mei 2009 mmiliki, Jerry Moyes, akaipeleka timu mahakamani kutangaza imefilisika. Mnunuzi alikuwepo tayari. Mnamkumbuka Jim Balsillie? Alikuwa bosi mwenza wa ile kampuni ya simu za BlackBerry, enzi mwenye BlackBerry mtaani anaonekana waziri. Alitaka kuinunua na kuihamishia Hamilton, Ontario. Ligi ikagoma. Jaji Redfield Baum akamkatalia Balsillie, na mwisho ligi yenyewe ikainunua timu kwa kama dola milioni 140. Fikirieni TFF wanamiliki timu moja ya Ligi Kuu inayocheza dhidi ya wengine.

Na baraza la jiji la Glendale, likihofia kubaki na ukumbi mtupu, likawa linailipa ligi dola milioni 25 kwa msimu kufidia hasara. Misimu miwili. Hela za walipa kodi wa mji mdogo. Cha kuchekesha, ndani ya vurugu hiyo, mwaka 2012, timu isiyo na mwenyewe ikaongoza kundi lake na kufika nusu fainali ya kombe. Ikatolewa na Los Angeles Kings.

Mwaka 2013 wakapatikana wamiliki wapya. Jiji likakubali kuwalipa dola milioni 15 kwa mwaka kwa miaka 15 ili wauendeshe ukumbi. Juni 2015 baraza likapiga kura kuuvunja huo mkataba. Kuanzia hapo timu ikawa inaishi kama yule mpangaji anayesalimiana na mwenye nyumba kwa kupishana ukutani. Desemba 2021 jiji likatishia kuwafungia milango kwa sababu ya madeni ya kodi. Msimu ulipoisha 2022, vyombo nje.

Wakahamia chuo kikuu cha Arizona State, Tempe. Ukumbi unaitwa Mullett Arena, viti kama 4,600. Timu ya ligi kubwa kabisa duniani inacheza kwenye ukumbi wa wanafunzi! Ndiko nilikoingia mimi. Niseme ukweli wangu, ulikuwa mtamu kuliko kumbi kubwa zote. Unasikia makali ya viatu yakikata barafu. Kocha akitukana unasikia. Ila viti vichache, bei juu, na wachezaji wa timu pinzani wanaangaliana kama wamekuja mechi ya shule.

Mpango ulikuwa wajengewe ukumbi wao Tempe, mradi wa dola bilioni 2.1, kwenye eka 46 za dampo la zamani kando ya mto mkavu. Tarehe 16 Mei 2023 wananchi wakapiga kura. Wakakataa. Jamaa mmoja tuliyekuwa naye kazini, mkazi wa Tempe, shabiki wa timu kabisa, ana kofia na kikombe, aliniambia amepiga hapana. Nikamuuliza kulikoni? Akasema amechoka kusikia hadithi ya tajiri asiyekuwa na nyumba.

Tarehe 17 Aprili 2024 wakacheza ya mwisho, wakawafunga Edmonton 5-2. Wachezaji wakabaki barafuni wakiwapungia watu. Kesho yake ikatangazwa rasmi: timu inakwenda Salt Lake City, Utah, kwa tajiri Ryan Smith, dola bilioni 1.2. Sasa inaitwa Utah Mammoth.

Sasa turudi kwenye ile Oktoba. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi. Ilikuwa ni Julai. Hoki imelala wakati huo! Kuanzia Novemba hadi Machi hapa ni hali ya hewa ya Lushoto. Miaka 28 sijasikia mechi ya Coyotes ndani ya ukumbi iliyoahirishwa kwa barafu kuyeyuka. Timu iliuawa na kodi ya pango.

Kichuguu

Mzee wa Mesa umeandika vizuri, ila unaruka mtaro. Kama pango ndilo tatizo, mbona mashabiki hawakujaa hata huko mjini? Watu wa joto hawana asili ya mchezo huu. Mtoto aliyekulia kwenye bwawa la kuogelea utamfundishaje kupenda barafu? Hata hapa Bongo mkinijengea uwanja wa barafu Mwenge nitakwenda mara moja kupiga picha.

Mzee wa Mesa

Kichuguu, kaa na jina hili: Auston Matthews. Kazaliwa California, kakulia Scottsdale, huku huku jangwani. Alikuwa anapelekwa kuwatazama Coyotes tangu mdogo. Mwaka 2016 akachaguliwa wa kwanza kuliko vijana wote walioingia ligi mwaka ule. Mechi yake ya kwanza, Oktoba 2016, akafunga mabao manne. Msimu wa 2023–24 akafunga 69. Mama yake anatokea Mexico. Anachezea Toronto, na Watoronto wanamtegemea mtoto wa jangwani awaletee kombe ambalo hawajaligusa tangu 1967.

Matthew Knies naye, mwenzake wa Toronto, kazaliwa Phoenix. Timu ilishindwa kulipa pango lakini mbegu iliota.

Fundi wa Deira

Wandugu asalaam aleikum. Mimi natokea Tanga, nipo Dubai, kazi yangu mitambo ya kupoza hewa. Nimeona mnabishana joto, joto. Kwa fundi, joto si adui mkubwa. Adui ni unyevu.

Barafu ya hoki haigandishwi na hewa ya ukumbini. Inagandishwa kutoka chini. Kuna sakafu ya zege, ndani yake mabomba yamelazwa kama nyaya za kitanda, yanapitisha maji ya chumvi au glaikoli yaliyopozwa chini ya sifuri. Juu ya zege wananyunyiza maji tabaka kwa tabaka mpaka unene wa sentimita mbili na nusu hadi tatu. Uso wa barafu unakaa nyuzi 4 au 5 chini ya sifuri. Watu wamekaa juu na masweta, hawagandi.

Sasa ule mtambo ukishanyonya joto kwenye barafu lazima ulitupe nje. Mingi inalitupa kwa kumwaga maji kwenye mnara ili yavukizwe. Hapo ndipo jangwa linakuwa rafiki. Nani humu amelelewa na mtungi? Mtungi wa maji ukiuweka Dodoma mwezi wa saba, upepo mkavu unapita, maji yanakuwa baridi meno yanauma. Mtungi huohuo ulete Tanga mwezi wa tatu: nje unalowa, ndani maji vuguvugu. Hewa ya Tanga imeshiba maji, haipokei mengine. Phoenix na Las Vegas ni Dodoma. Miami na Tampa ni Tanga. Kiufundi ningepewa nichague, kazi ya barafu ningeifanya Las Vegas kuliko Florida.

Na unyevu ukiingia ukumbini unafanya ukungu juu ya barafu. Mei 1975, fainali ya kombe huko Buffalo, mji wa theluji kwelikweli, ukumbi haukuwa na kiyoyozi na nje kulikuwa na joto la unyevu. Ukungu ukapanda mpaka kipa haoni. Wakawa wanasimamisha mechi, wanateleza na mashuka kuutawanya. Popo naye akaingia, mchezaji mmoja akampiga kwa gongo. Hiyo ni Buffalo, si jangwani.

Huku Dubai tuna taabu zote mbili. Jangwa, lakini bahari iko mlangoni. Mwezi wa nane mlango wa jengo ukiachwa wazi dakika chache unaona kioo kinalia. Hata hivyo Dubai Mall wana uwanja wa barafu wa saizi ya Olimpiki, na Abu Dhabi pia wanacheza hoki tangu zamani. Kuna dada wa Kiarabu, Fatima Al Ali, mwaka 2017 alialikwa Washington akadondosha paki ya kufungua mechi ya Capitals, timu ya mji huo.

Kaka Sudi

Fundi umeniua na mtungi. Swali: maji je? Jangwani maji ni dhahabu, wao wanayagandisha ili watu wateleze?

Fundi wa Deira

Tupige hesabu pamoja. Mita 61 mara 26 ni mita za mraba 1,586. Mara unene wa sentimita 3, unapata mita za ujazo 47 na kitu. Ni lita elfu 47 na ushei, yaani maboza matano ya lita elfu kumi. Hayo ni ya kuanzia. Baada ya hapo kila mapumziko gari linapita kukwangua na kumwaga maji ya moto kidogo juu.

Ndiyo, ya moto. Yanayeyusha uso wa juu, yanaziba mikwaruzo, yanashikana vizuri, na hayana hewa nyingi ndani.

Hilo gari linaitwa Zamboni, na aliyelibuni mwaka 1949, Frank Zamboni, alikuwa mtu wa Paramount, California. Kusini, kwenye joto. Familia yao walikuwa wanatengeneza barafu za mabonge za kuhifadhia vyakula, friji zikaja zikawaua soko, wakaamua utaalamu wao wakaufanyie uwanja wa kuteleza. Mtu wa kijiji cha theluji angekaa tu angoje ziwa ligande.

Mzee wa Mesa

Na kwa hapa Arizona mtu akilia kuhusu maji, akaangalie viwanja vya gofu kwanza. Maboza matano kwa gofu ni kifungua kinywa.

Mwana wa Bukoba

Las Vegas mmeitaja kwenye kichwa cha uzi halafu kimya. Mleta mada usitufanyie hivyo.

Mzee wa Mesa

Haya. Las Vegas.

Kwanza ya kale. Tarehe 27 Septemba 1991, hoteli ya Caesars Palace walitandaza barafu nje kwenye maegesho ya magari. Los Angeles Kings na New York Rangers, mechi ya kirafiki, usiku, joto karibu nyuzi 29. Wayne Gretzky, mfalme wa mchezo huu, yumo. Barafu ikashika. Kilichowashinda ni panzi. Taa ziliwavuta, wakashuka kwa wingi, wakagandia barafuni, wachezaji wakawa wanawapitia juu. Kings wakashinda 5-2.

Mwana wa Bukoba

Ngoja kwanza. Panzi wanashuka wenyewe kwenye taa, halafu watu wanaendelea na mpira? Bukoba hapo mechi imevunjika. Refa mwenyewe ana ndoo.

Kaka Sudi

😂😂 Na wako kwenye barafu tayari. Hata kuharibika hawataharibika.

Mzee wa Mesa

Mmenipotezea mstari nyie watu.

Juni 2016 ligi ikatangaza kwamba Las Vegas inapewa timu mpya. Ada ya kuingia, dola milioni 500, analipa Bill Foley. Hawakuanza na ndoto. Kabla ya kupewa timu, Foley alizunguka mjini akikusanya amana za tiketi za msimu. Zaidi ya watu elfu kumi waliweka hela ya timu isiyokuwepo, isiyo na jina. Na ukumbi ulikuwa umeshafunguliwa Aprili ule ule, T-Mobile Arena, umejengwa kwa fedha binafsi, pale pale kwenye mtaa wa hoteli kubwa. Hakuna mtu wa kuvuka jiji kwenda Mlandizi.

Halafu wakapewa timu kwa utaratibu wa kila klabu kati ya 30 kutoa mchezaji mmoja. Kila mtu akadhani watapewa makapi. Wakamchukua kipa Marc-André Fleury kutoka Pittsburgh, mwenye makombe matatu. Wakamchukua William Karlsson, ambaye Columbus hawakumtilia maanani, msimu ule akafunga mabao 43.

Sasa hapa sitanii. Tarehe 1 Oktoba 2017, siku chache kabla ya mechi ya kwanza ya nyumbani, mtu mwenye bunduki aliwafyatulia risasi watu kwenye tamasha la muziki mjini humo. Hesabu ya mwanzo ya waliokufa ilikuwa 58, baadaye ikafika 60. Tarehe 10 Oktoba timu inafungua ukumbi. Hakuna mbwembwe. Wakaingia barafuni pamoja na wazimamoto, manesi, polisi. Sekunde 58 za ukimya. Beki Deryk Engelland, aliyekuwa mkazi wa mji ule kwa miaka, akashika kipaza sauti akaongea na wenzake. Halafu mechi ikaanza na katika kipindi hicho hicho cha kwanza akafunga. Wapinzani walikuwa nani? Coyotes wetu wa Arizona. 5-2. Jezi namba 58 hawaivai tena.

Usiku ule timu ikawa ya mji. Hiyo huwezi kuipanga wala kuinunua, na Mungu apishe mbali mji mwingine kuipata kwa njia ile.

Msimu wa kwanza wakafika fainali, wakafungwa na Washington. Juni 2023, msimu wa sita, wakawapiga Florida Panthers 9-3 kwenye mechi ya tano na kombe likakaa jangwani. Mwezi mmoja kabla ya hapo Tempe ilikuwa imepiga kura ya hapana. Nilikuwa nabeba abiria wa Phoenix wiki ile. Hakuna aliyetaka niwashe redio.

Kichuguu

Sawa, lakini nakubana. Vegas nao ni wapangaji. Ukumbi ni wa watu wa kasino.

Mzee wa Mesa

Umeuliza vizuri. Ukumbi ni wa MGM na AEG kwa sehemu kubwa, ila Foley alichukua asilimia 15. Na wenye nyumba wanamhitaji mpangaji, maana kila mechi inajaza hoteli zao. Watalii kutoka Toronto wanakata tiketi ya ndege kuifuata timu yao kwenye joto. Glendale hawakuwa na cha kuuza baada ya mechi zaidi ya foleni ya kurudi nyumbani.

Mulubumbashi wa Quebec

Ndugu, mimi nimetoka Lubumbashi, sasa niko Québec, miaka kumi na mbili. Mnisamehe Kiswahili changu. Mnasifu jangwa sana, lakini sikieni na upande wetu.

Timu ya hapa, Nordiques, iliondoka 1995, ikaenda Denver. Mwaka uliofuata, huko huko, ikachukua kombe. Kombe lenyewe! Wazee hapa wakilikumbuka wanafunga mdomo. Mji ukajenga ukumbi mpya, Centre Vidéotron, ukafunguliwa Septemba 2015, viti zaidi ya elfu kumi na nane. Wakaomba timu kwa wakati mmoja na Las Vegas. Las Vegas wakapewa, sisi tukaambiwa tungojee. Njo vile. Mpaka leo ukumbi uko, theluji iko, mashabiki wako, timu hakuna. Na wakati huo huo ligi inaibeba Phoenix mgongoni miaka kumi na tano kama mtoto mgonjwa.

Mzee wa Mesa, wewe unaita hii pango. Mimi ninaita upendeleo. Sisi hapa tayari tunapenda hoki, kwa hiyo hawapati mtu mpya wa kumuuzia.

Mzee wa Mesa

Mulubumbashi, hapo sina jibu la kukushinda. Ni kweli kabisa. Gary Bettman ameiongoza ligi tangu 1993 na hesabu zake ni za runinga: Phoenix ina mamilioni ya watu, na soko la Québec ni dogo, tena dola ya Canada iko chini. Winnipeg angalau walirudishiwa, mwaka 2011, na timu iliyofeli Atlanta. Kwa hiyo Atlanta imefeli kabisa, na Atlanta si jangwa wala nini.

Kichuguu

Ongezea basi na hili: timu ya Canada haijachukua kombe tangu Montreal 1993. Mwaka 2024 na 2025 Edmonton wamefika fainali, mara zote mbili wakafungwa na Florida. Florida! Kule kwenye mamba. Kwa hiyo natengua kauli yangu ya asili ya watu wa joto. Kwa shingo upande.

Mulubumbashi wa Quebec

Usitukumbushe.

Otis wa Langata

Wadau, nimesoma huu uzi wote kwa matatu kutoka tao hadi nyumbani, jam imenisaidia. Nairobi tulikuwa na uwanja wa barafu kwa hoteli ya Panari, Mombasa Road, tangu 2005. Mdogo kuliko ule wa kawaida. Hapo ndipo Kenya Ice Lions walizaliwa. Shida yao haikuwa joto kamwe. Shida ilikuwa hakuna timu nyingine ya kucheza nayo! Mwaka 2018 ikabidi wapelekwe mpaka Toronto ndio wacheze mechi dhidi ya watu wengine, na wakaingia chumba cha kubadilishia wakapata nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wamevaa jezi za Kenya wanawangoja. Video iko, tafuteni. Kuna jamaa hapo anashindwa kufunga mdomo.

Kwa hivyo mimi swali langu kwa Mzee wa Mesa ni hili: watoto wa Phoenix sasa wanafanya nini? Timu imeenda, viwanja vya mazoezi vimebaki?

Mzee wa Mesa

Otis, hilo ndilo linaniuma zaidi ya kombe. Viwanja vipo na watoto bado wanacheza. Timu ya chuo pale Mullett inacheza. Tucson, mwendo wa saa mbili kusini, kuna Roadrunners, timu ya daraja la pili, ambayo ilikuwa inawalelea Coyotes vijana na sasa inawalelea Utah. California nako, karibu na Palm Springs, jangwa tupu la mitende na upepo, kuna Coachella Valley Firebirds. Ukumbi wao ulifunguliwa Desemba 2022, na misimu miwili ya mwanzo yote wakafika fainali ya daraja hilo. Mara zote wakafungwa na Hershey, ya kwanza ikiwa mechi ya saba, muda wa nyongeza.

Mmiliki wa mwisho wa Coyotes, Alex Meruelo, alikuwa ameachiwa nafasi ya kuifufua timu akijenga ukumbi ndani ya miaka mitano. Akawa analenga ardhi ya serikali ya jimbo, kaskazini mwa Phoenix, iliyokuwa inapigwa mnada. Juni 2024 mnada ukafutwa, naye akaachia. Sasa kila baada ya muda unasikia tajiri mwingine anatajwa. Akija, nina ombi moja tu: ajenge upande wa mashariki.

Jirani wa Glendale

Mzee wa Mesa umetusema sana sisi wa Glendale. Kuna watu tulikuwa tunakwenda kwa miguu. Mimi Mrundi, nilikuja hapa na familia kutoka kambini Kigoma, nyumba yetu ilikuwa karibu na ukumbi. Kazini kwangu walikuwa wanagawa tiketi ambazo hazikuuzika. Watoto wangu walijifunza Kiingereza wakimzomea refa. Jezi ya Shane Doan, nahodha wetu wa zamani, bado iko kabatini, haimtoshi mtu.

Mzee wa Mesa

Jirani, hapo umenikamata. Samahani sana mama, au baba, sijui.

Jirani wa Glendale

Mama. Hiyo Tucson unayoisema, mechi zao ni lini? Kijana wangu wa mwisho hajaona hoki tangu waondoke, na gari yangu haifiki mbali.

Mzee wa Mesa

Mama, Jumamosi hii wako nyumbani, na mimi siingii kazini. Gari lina nafasi tatu. Nitumie ujumbe pembeni tupange pa kukutana. Mvalishe kijana koti, ukumbini kule kuna baridi.

Jirani wa Glendale

Koti hatuna, baba. Tuko Arizona.

Mwana wa Bukoba

Mpelekeni na ndoo, huwezi jua.